Mgeni Akisema “So-so”: Namna ya Kulisikia, Kulijibu na Kulitumia

Mwaka wangu wa kwanza wa kubeba sahani, kwenye hoteli moja ya Arusha ambayo sitaitaja, mama mmoja wa Kizungu alikula nusu bakuli ya mtori akaweka kijiko chini. Nikamuuliza, kwa Kiingereza changu cha kukariri, chakula kilikuwaje. Akajibu “so-so”, akatabasamu. Mimi nilichojua ni kwamba “so” ni “sana”. “So good” ni nzuri sana, “so big” ni kubwa sana. Basi “so” mbili, nikapiga hesabu, ni sana sana. Nikaenda jikoni mbio: “Mjomba, mtori umewamaliza! Wamesema sana sana!” Mpishi wetu alikuwa Mmachame aliyeamini hakuna mtu chini ya mlima anayejua kuponda ndizi mshare kama yeye. Kesho yake akapika sufuria kubwa mara mbili ya ile. Ilirudi karibu yote.

Siku hizi nafundisha Kiingereza cha kazini hapa Moshi. Wanafunzi wangu ni wahudumu wa hoteli, madereva wa safari, na wapagazi wanaojiandaa kuwa waongozaji. Kila darasa jipya naanza na mtori ule, kwa sababu nimeona kosa langu halikuwa la mtu mmoja. Neno hili dogo linawapiga chenga hata waliomaliza kidato cha sita. Shuleni tunalipita juu juu, na kazini hakuna wa kukurekebisha, maana mgeni akishalisema anaenda zake.

Hatua ya kwanza: lisikie, na uangalie mkono

“So-so” linatamkwa karibu na “sou-sou”, si “soso” la kwetu la vokali zilizonyooka. Sauti haipandi. Mtu aliyefurahi maneno yake yanapaa. Wa “so-so” anayaacha yashuke, kama mtu anayetua mzigo taratibu. Mara nyingi mkono unamsaidia: kiganja kinaangalia chini, vidole vimeachana kidogo, kinayumba kushoto na kulia kama mtumbwi. Ukikiona kiganja hicho umeshajibiwa, hata kama neno lenyewe limemezwa na kelele za ukumbi.

Usidhani ni neno la vijana wa mtandaoni. Limo katika Kiingereza tangu karne ya 16, na Shakespeare alilichezea jukwaani zaidi ya miaka 400 iliyopita. Mchekeshaji wake analisifu kwamba ni zuri, zuri mno, halafu papo hapo anageuka: hapana, ni hivyo hivyo tu. Kwa hiyo sikuwa wa kwanza kuchanganyikiwa. Ila pamoja na ukongwe huo limebaki neno la mezani na la kwenye gari. Kwenye barua na ripoti halijawahi kukaribishwa vizuri.

Hatua ya pili: liweke kwenye ngazi yake

Kamusi itakwambia ni “wastani”: si nzuri, si mbaya. Haijakosea, lakini hapo ndipo watu wanapopotea. Mwalimu akiandika “wastani” kwenye ripoti ya mtoto, wazazi wengi wanashusha pumzi. Wastani wetu una faraja ndani yake. “So-so” halina. Liko katikati kwa jina, lakini limeinamia chini, na anayelisema mara nyingi anakuficha kitu kwa adabu.

Kiswahili kina maneno mawili yatakayokufaa kuliko kamusi. La kwanza ni “si haba”. Muulize mama muuza ndizi pale soko la Mbuyuni biashara ikoje. Akisema “si haba”, ujue amepata, anamshukuru Mungu, hataki tu kujisifu jirani akisikia. La pili ni “hivyo hivyo”. Akisema “hivyo hivyo tu, mwanangu”, jua limemchoma tangu asubuhi na mikungu bado ipo. Yote mawili ni majibu ya katikati, lakini moja linatazama juu na jingine linatazama chini. “So-so” ni “hivyo hivyo”. Ukilishika hilo, mengine yote humu ni nyongeza.

Hata maumbo yao yanafanana: kijineno kimoja kimerudiwa. Na hapo ndipo nilipotelezea. Kwetu kurudia neno kunafanya kazi mbili zinazopingana. Ukisema “kabisa kabisa” au “haraka haraka”, umeongeza. Lakini shati “jekundu jekundu” si jekundu hasa, na chai ya “maji maji” ni ile ambayo majani hayakutosha. Mimi nililisikia “so-so” kama “kabisa kabisa”, kumbe ni la ukoo wa “maji maji”. Na kwa kweli mtori wa siku ile ulikuwa maji maji.

Sasa majirani zake. Chini kabisa kuna “mediocre”, yaani hafifu, na lina dharau. Mgeni akilitumia kwako, amekasirika. Juu yake kidogo ndiyo “so-so”. Halafu “average” na “okay”, ambayo ni ya kawaida, hayana chuki wala shangwe. Kisha “fair”, kiasi. Kisha “decent”, ambalo wengi hawaliamini nikiwaambia ni sifa: ndiyo “si haba” yetu hasa, kitu kinachostahili pesa yake. “Pretty good” ni nzuri kweli, na neno “pretty” hapo halina habari na urembo. Siku hizi vijana wao wana “meh”, mguno tu, ambao ni “so-so” la mtu asiyejisumbua hata kufungua mdomo vizuri.

Hatua ya tatu: usilichanganye na ndugu wanaofanana naye sura

Hii ni fupi lakini ndiyo inayovunja watu. Mgeni akisema “so, so good” au “so, so beautiful”, hapo “so” mbili ni sana sana kweli. Mama yule angesema “so, so good”, mpishi wangu angekuwa shujaa. Tofauti ni kinachofuata. “So” mbili zikifuatwa na sifa nyingine, yaani nzuri, tamu, baridi, zinaongeza. Zikisimama peke yake na sentensi ikaishia hapo, zinapunguza. Kwenye maandishi, ya kuongeza hutenganishwa na mkato, na ya kupunguza huunganishwa na kistari. Watu wenye haraka wanaacha vyote viwili. Hapo tazama tu kama kuna sifa mbele.

Ndugu wa pili ni “so-and-so”. Huyo ni “fulani”. “Mr So-and-so” ni Bwana Fulani, mtu ambaye jina lake limesahauliwa au halitajwi. Lakini dereva akiitwa “a so-and-so” na mgeni aliyenuna, si jina hilo. Ni tusi lililovikwa shati.

Hatua ya nne: angalia nani kasema

“So-so” la Mwingereza si sawa na la Mwitaliano. Mwitaliano ana “così così” kwao, Mfaransa ana “comme ci comme ça”, Mjerumani ana “so lala”, na wote hao wakija Kilimanjaro wanaleta mazoea ya nyumbani ndani ya Kiingereza chao cha safari. Muulize Mwitaliano amelalaje, atakwambia “so-so” bila uzito, kama sisi tunavyosema “tunasukuma siku”. Mgeni aliyejifunza Kiingereza darasani naye huwa mwepesi wa kulitumia, hata kwenye “how are you”, kwa sababu alilisoma kwenye orodha ya majibu ya salamu.

Mwingereza na Mmarekani hawalitumii hovyo hivyo. Ukimsalimu Mwingereza atakujibu “not too bad”, na hiyo kwake ni nzuri. Akikiita chakula “not bad at all”, mpe mkono mpishi, amesifiwa sana. Lakini akisema “quite good”, tulia kidogo: kwa Waingereza wengi “quite” inapunguza, ni nzuri kiasi tu, wakati Mmarekani akisema neno lilelile mara nyingi anaongeza. Basi mtu wa aina hiyo, mwenye majibu mengi ya adabu mfukoni, akiyaacha yote akachagua “so-so”, ana jambo. Mbele ya neno hilo akiweka “just” au “only”, ana jambo kubwa zaidi.

Hatua ya tano: uliza swali la pili

Mezani ni rahisi. Mgeni akisema “so-so”, usiseme “thank you” ukaondoka na sahani kama nilivyofanya. Uliza kitu kimoja mahususi: chumvi ilizidi? Nyama ilikuwa ngumu? Kilifika kimepoa? Swali la jumla, kwamba kuna tatizo gani, litarudishiwa adabu tu, “no, no, it's fine”. Swali dogo linajibiwa kweli. Hapo una dakika tano za kurekebisha kabla hajashika simu.

Mlimani ni habari nyingine, na hapa naomba tukae kidogo.

Niliwahi kupanda kama msaidizi wa mwongozaji, njia ya Marangu. Jioni tuko kambi ya Horombo, mita 3,720, wageni wameshafika ukumbi wa kulia. Kijana mmoja Mwingereza amekaa pembeni, kofia imefunika masikio, mbele yake kikombe cha chai na sahani ya bisi. Wenzake walikuwa wamemaliza bisi zao wanaomba nyingine. Za kwake zilikuwa kilima kamili, hakuna hata moja iliyoguswa, na chai ilikuwa imeacha kutoa moshi. Nikamuuliza anajisikiaje. “So-so,” akasema, akayumbisha kiganja. Nikafungua daftari.

Kiongozi wetu, mtu mzima aliyepanda mlima ule tangu mimi niko shule ya msingi, akanisogelea.

“Chalii, umeandika nini hapo?”

“Nimeandika yuko sawa, kaka.”

“Amekwambia yuko sawa?”

“Amesema so-so.”

“Basi hajakwambia kitu. Rudi ukamuulize kichwa. Halafu tumbo. Usimuulize anajisikiaje tena, atakudanganya kwa heshima.”

Nikarudi. Kichwa kilikuwa kinagonga tangu mchana. Tumbo? Akaangalia wenzake, akashusha sauti: alikuwa ametapika nyuma ya kibanda, mara mbili. Kizunguzungu hapana. Uchovu, ndiyo, kidogo. Yote hayo yalikuwa yamejificha ndani ya silabi mbili, kwa sababu kijana hakutaka kuwa yule anayewachelewesha wengine.

Kwa hiyo mlimani “so-so” usilitafsiri. Livunje vipande. Kuna kipimo kinachotumika duniani kote kwa ugonjwa wa mwinuko, kinaitwa Lake Louise, na kinauliza mambo manne: kichwa, tumbo na hamu ya kula, uchovu, kizunguzungu. Kila moja linapewa alama kuanzia 0, hakuna kabisa, mpaka 3, kali. Kama kichwa kinauma na jumla imefika 3 au zaidi kwa mtu aliyepanda juu siku za karibuni, huo ndio ugonjwa wenyewe, na kanuni ni kutoendelea kupanda mpaka apate nafuu. Kijana wetu alikuwa na 2 ya kichwa, 2 ya tumbo, 1 ya uchovu. Hesabu inatoka 5. Hiyo ndiyo “so-so” yake kwa tarakimu. Na mgeni akianza kuyumba anapotembea kama aliyetoka kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, au akahema kwa shida akiwa amekaa, au maneno yake yakaacha kueleweka, mambo ya alama yamekwisha. Anashushwa, usiku au mchana.

Tulilala Horombo usiku wa pili. Alipona, akafika Gilman's Point, ukingoni mwa kreta chini kidogo ya kilele, akageuza. Tulipomuuliza getini safari ilikuwaje alisema “not bad at all”, na hilo sikuhitaji mtu wa kunitafsiria.

Tarakimu zinasaidia hata pasipo na hatari. Kahawa yetu inapigwa mnada hapahapa Moshi, na mwonjaji wa kahawa akishaikoroga, akaivuta kwa kijiko na kuitema, haandiki “hivyo hivyo”. Anatoa alama kati ya 100, na kuanzia 80 ndipo kahawa inahesabiwa ya daraja maalumu. Dereva anayetoka Tarangire na wageni anaweza kuiga: wanyama leo, kati ya kumi, ngapi? Mgeni aliyesema “so-so” akitaja 7, umepona. Akitaja 4, kesho amka mapema.

Hatua ya sita: litumie mwenyewe

Mahali salama kuliko pote ni juu yako. “My German is so-so.” Kijerumani changu ni cha kubabaisha. Hapo neno linakaa kama limezaliwa Kiboriloni, hapahapa Moshi, maana Kiingereza nacho kinapenda mtu asiyejikweza. Unaweza pia kulitumia kwa vitu visivyo na mwenyewe: hali ya hewa, barabara, mtandao wa simu ukifika juu ya msitu. “The network is so-so up here.” Hakuna atakayenuna.

Pa kuliogopa ni kwenye kitu alichotengeneza mtu anayekusikia. Mgeni kakupikia, kakuonyesha picha zake za Ngorongoro, kakuimbia. Ukimwambia ni “so-so” umemwaga mchuzi. Tafuta la juu yake kwenye ile ngazi.

Na kwenye salamu liache. “How are you?” yao ni kama “habari za asubuhi” yetu: jibu ni nzuri kwanza, hata kama umetoka hospitali, na yenye “ila” yanafuata baadaye kama yapo. Mhudumu anayemjibu mgeni “so-so” saa moja asubuhi amemlazimisha kuuliza kulikoni, na yeye alitaka kahawa tu.

Sarufi haina mengi. Linakaa baada ya kitenzi, “the food was so-so”, au kabla ya jina, “a so-so meal”. Linaweza pia kueleza namna jambo lilivyofanyika: ukiulizwa umelalaje, “so-so” inatosha. Halichukui mkia wa kulinganisha. Ukitaka kusema kitu ni bora kidogo kuliko hapo, sema “better than so-so”. Ukimsikia Mwingereza akisema “very so-so”, anatania, na utani huo ni wa kusagia.

Hatua ya saba: kuliandika

Weka kistari katikati, usiweke mkato. Kwenye ujumbe wa simu kwa mwenzako wa kazi litumie utakavyo. Kwenye ripoti ya safari inayokwenda kwa wakala wa nje, andika “average” au “fair”, au, bora zaidi, andika kilichotokea: maji ya moto yalikatika siku mbili, gari lilichelewa saa moja. Wakala hawezi kufanya kitu na “so-so”.

Ukilikuta kwenye maoni ya wageni, mara nyingi liko na nyota tatu, na wamiliki wengi wa hoteli nyota tatu zinawapa usingizi mzuri. Mwambie bosi wako kwa upole kwamba sentensi ile haisemi “huduma ya wastani”. Inasema “hivyo hivyo tu, mwanangu”, na mgeni ajaye anaisoma kabla ya kulipa.

Mjomba wa jikoni tumebaki marafiki. Alistaafu, yuko Machame, ila Jumamosi anateremka sokoni na mimi namkuta palepale kwenye ndizi, anazibinya moja moja kama daktari. Ananiona kwa mbali, hata salamu hajaitikia, anauliza, “Eti, wale wageni wangu walisemaje vile?” Mimi nanyoosha mkono, kiganja chini, nayumbisha. Anatukana kwa Kimachame, kisha ananichagulia mkungu.